PubMed: Hifadhidata ya Bure, Kubwa, na Isiyosamehe Swali Lililoulizwa Ovyo

Mhudumu wa afya anayehitaji ushahidi kabla ya kubadilisha dozi, kuandika mwongozo wa wodi au kuanza tasnifu ana vyanzo vingi vya kuchagua, lakini kinachofunguliwa kwanza na wengi ni PubMed, hifadhidata inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, inayotumika bila malipo, bila usajili na bila kujali mtumiaji yuko wapi. Inakusanya marejeo zaidi ya milioni 37 ya makala za tiba na sayansi za uhai. Hukumu yangu, baada ya kuitumia kwa muda mrefu na kuwasaidia wengine kuitumia, ni kwamba hakuna huduma ya bure inayoifikia kwa kazi hii. Na pia kwamba wengi wetu tunavuna kwake sehemu ndogo tu ya kilichomo, kwa sababu kisanduku chake cha kutafutia kinaonekana rahisi kuliko kilivyo.

Ili kuielewa huduma hii ni vizuri kujua ilikotoka. Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianzisha Index Medicus, faharasa iliyochapishwa ya makala za tiba duniani. Faharasa hiyo iliingizwa kwenye kompyuta katika mfumo wa MEDLARS mwaka 1964, ikaanza kutafutwa kwa mbali kupitia MEDLINE mwaka 1971, na hatimaye ikafunguliwa kwa kila mwenye intaneti kupitia PubMed, iliyoanza kwa majaribio mwaka 1996 na kutangazwa rasmi kuwa ya bure mwaka 1997. Nasaba hii si pambo la historia. Ndani ya PubMed bado kuna kazi ya mkutubi wa faharasa, yule anayesoma makala na kuamua inahusu nini hasa, na tofauti kati ya utafutaji mzuri na mbaya hutegemea kama mtumiaji ameitumia kazi hiyo au ameipita.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata watu wenye shahada kadhaa. PubMed, MEDLINE na PubMed Central si kitu kimoja. MEDLINE ndiyo sehemu kubwa zaidi ya PubMed, na majarida yake huteuliwa kwa ushauri wa kamati ya wataalamu inayopima ubora wa sayansi na wa uhariri. PubMed Central, iliyofunguliwa mwaka 2000, ni ghala la makala kamili zinazosomwa bure. PubMed yenyewe ni dirisha linaloonyesha marejeo ya zote mbili, pamoja na vitabu vilivyowekwa mtandaoni na taasisi hiyo hiyo. Kwa hiyo kauli ya kwamba makala fulani ni ya kuaminika kwa kuwa iko PubMed haina nguvu inayodhaniwa kuwa nayo. Makala inaweza kufika humo kupitia ghala, kwa mfano kwa sababu mfadhili wa utafiti alidai iwekwe huko, bila jarida lake kupita kwenye mchujo wa MEDLINE. Nimewahi kuona wanafunzi wakiitumia hoja hiyo kutetea majarida ya kulipia uchapishaji ambayo hayana mapitio ya maana, na walimu wao wakaikubali.

Sasa turudi kwenye kisanduku. Mtumiaji anapoandika maneno yake na kubofya, PubMed haitafuti maneno hayo kama yalivyo. Kwanza huyalinganisha na orodha ya istilahi za mada, kisha majina ya majarida, kisha majina ya waandishi na watafiti, na inapopata mlingano huongeza kimyakimya maneno ambayo mtumiaji hakuyaandika. Akiandika heart attack, mfumo hutambua kwamba istilahi rasmi ni Myocardial Infarction na huitafuta hiyo pamoja na maneno yake mwenyewe. Akiandika tumour kwa tahajia ya Uingereza, hupata pia makala zilizoandikwa kwa tahajia ya Marekani. Mara nyingi huu ni msaada mkubwa. Mara nyingine, hasa kwa vifupisho, ni chanzo cha maelfu ya makala zisizohusiana na swali, na mtumiaji hukata tamaa asijue kilichotokea.

Dawa yake ipo, na ndicho kipengele ambacho ningemfundisha kila mgeni kabla ya kingine chochote. Ukurasa wa utafutaji wa kina, unaofikiwa kwa kiungo kilicho chini ya kisanduku, huonyesha historia ya utafutaji, na mbele ya kila mstari kuna mshale unaofunua tafsiri kamili ya kile mfumo ulichotafuta. Kuisoma tafsiri hiyo huchukua nusu dakika. Anayeisoma huona mara moja kwamba kifupisho chake kimechukuliwa kuwa jina la jarida, au kwamba istilahi aliyoitarajia haikutambuliwa kabisa. Anayeipuuza hulaumu hifadhidata.

Kiini cha utajiri wa PubMed ni MeSH, orodha ya istilahi za mada iliyoanzishwa mwaka 1960 na kurekebishwa kila mwaka, ambayo sasa ina istilahi zaidi ya 30,000 zilizopangwa kwa ngazi, pana juu na finyu chini. Mtumiaji anapochagua istilahi pana, mfumo hujumuisha wenyewe zote zilizo chini yake, kiasi kwamba anayetafuta magonjwa ya moyo hupata pia makala zilizowekewa istilahi ya ugonjwa mmoja mahususi wa vali, hata kama neno lake halimo kwenye kichwa cha makala. Kila istilahi ina maelezo mafupi ya maana yake, visawe vyake, na mwaka ilipoingizwa. Mwaka huo ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu kwa kawaida makala za zamani hazirudiwi ili kuwekewa istilahi mpya. Istilahi ya COVID-19, kwa mfano, iliingia kama istilahi kamili katika toleo la 2021. Na kwa mada za zamani zilizobadilishiwa jina, anayetegemea istilahi ya sasa peke yake hukosa miongo mizima ya utafiti uliohifadhiwa chini ya jina la awali.

Tangu mwaka 2022 kazi ya kuweka istilahi hizi hufanywa na programu ya kompyuta, huku wakutubi wakikagua sehemu ya matokeo. Faida yake ni kasi, maana makala mpya ya MEDLINE hupata istilahi zake ndani ya muda mfupi badala ya kusubiri wiki au miezi. Hasara yake ni kwamba programu husoma kichwa na ikisiri (muhtasari ulio mwanzoni mwa makala) tu, na ikisiri iliyoandikwa vibaya huzaa istilahi mbaya. Aidha, makala zilizoko PubMed nje ya MEDLINE hazipati istilahi hata moja. Kutokana na hayo, utafutaji wa makini hauna budi kuunganisha vitu viwili kwa kila wazo: istilahi rasmi, na maneno ya kawaida yanayotafutwa kwenye kichwa na ikisiri. Kimojawapo kikiachwa, kuna kundi la makala litakalopotea, na kundi hilo si dogo.

Mfano halisi utasaidia. Tuseme mkunga anataka kujua kama mwanamke mwenye kifafa cha mimba apewe salfeti ya magnesi au diazepam. Njia inayofundishwa vyuoni ni kuligawa swali katika sehemu nne: mgonjwa na tatizo lake, tiba inayopimwa, tiba inayolinganishwa nayo, na matokeo yanayotarajiwa. Ni njia nzuri ya kufikiri, lakini kosa la kawaida ni kuziandika sehemu zote nne kwenye kisanduku. Matokeo mara nyingi hayatajwi kwenye ikisiri, au hutajwa kwa maneno ambayo mtafutaji hakuyawazia, na kila wazo linaloongezwa hupunguza makala, zikiwemo zile zinazofaa. Ni afadhali kuanza na mawili, eclampsia na magnesium sulfate, kuangalia idadi, kisha kubana taratibu. Kwa swali hili utafutaji huo mfupi, ukiunganishwa na kichujio cha majaribio ya nasibu, yaani yale yanayowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hufikisha kwenye jaribio kubwa la kimataifa lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995, lililoonyesha kwamba waliopewa salfeti ya magnesi walikuwa na hatari ya kurudiwa na degedege iliyo chini kwa asilimia 52 kuliko waliopewa diazepam. Kutoka hapo, viungo vya makala zinazofanana na makala zilizoinukuu humpeleka mkunga kwenye mapitio ya kimfumo yaliyofuata, yaani yale yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, na pengine hatahitaji kuandika neno jingine.

Kwa maswali ya namna hii ya kitandani mwa mgonjwa kuna pia ukurasa wa maswali ya kliniki, ambao vichujio vyake vinatokana na utafiti wa kundi la Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada. Mtumiaji huchagua kama swali lake ni la tiba, utambuzi, kisababishi au mwelekeo wa ugonjwa, na kama anataka matokeo mapana au finyu. Finyu humfaa mwenye dakika tano kati ya mgonjwa na mgonjwa. Pana humfaa anayeandika mapitio. Nashangaa jinsi ukurasa huu usivyojulikana, na lawama sehemu yake iwaendee wasanifu wa tovuti walioushusha chini kwenye ukurasa wa mwanzo, mahali ambapo jicho halifiki.

Kanuni za uandishi ni kali na haziombi radhi. Viunganishi AND, OR na NOT huandikwa kwa herufi kubwa, na husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo anayechanganya AND na OR bila mabano huuliza swali jingine kabisa pasipo kujua. NOT ni ya hatari zaidi. Anayeandika NOT animals ili kuondoa tafiti za wanyama huondoa pia kila makala iliyowekewa alama ya wanyama na ya binadamu kwa pamoja, na hizo zinaweza kuwa ndizo hasa alizozihitaji. Kinyota cha kukata neno (*), kinachosimama badala ya miisho yote ya neno, huhitaji angalau herufi nne kabla yake, nacho huzima tafsiri ya mfumo niliyoieleza, sawa na alama za kunukuu. Kuhusu alama hizo kuna mtego mwingine: iwapo fungu la maneno lililonukuliwa halimo kwenye faharasa ya mafungu, PubMed huzipuuza alama na kuyatafuta maneno moja moja. Huonyesha onyo, ila onyo lenyewe ni rahisi kulipita. Tangu mwishoni mwa 2022 inawezekana kutafuta maneno yaliyokaribiana kwenye kichwa au ikisiri kwa kutaja umbali unaoruhusiwa kati yake, na kwa maoni yangu hili ndilo ongezeko lenye manufaa kuliko yote ya miaka ya karibuni.

Vichujio vya pembeni vinahitaji tahadhari hiyo hiyo. Kichujio cha binadamu na vile vya umri hutegemea istilahi za MeSH, kwa hiyo makala isiyo na istilahi huondolewa hata kama inahusu watoto wachanga tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kichujio cha makala kamili za bure kinavutia, na wakati mwingine hakuna budi, lakini kukitumia mwanzoni ni kuruhusu leseni ya jarida iamue tiba ya mgonjwa. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba matokeo hupangwa kwa kadiri yanavyolingana na swali, na si kwa tarehe. Anayetaka habari mpya lazima abadilishe mpangilio mwenyewe.

Je, PubMed inatosha? Kwa swali la wodini, mara nyingi ndiyo. Kwa utafiti utakaomgusa binadamu, hapana, na kuna tukio linalojulikana sana miongoni mwa wakutubi wa tiba linaloeleza kwa nini. Mwaka 2001 kijana wa kike wa miaka 24, mtu mwenye afya aliyejitolea kushiriki utafiti wa pumu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifariki baada ya kuvuta dawa ya hexamethonium. Ilibainika kwamba utafutaji wa machapisho uliotangulia utafiti huo ulitegemea vyanzo vichache, PubMed ikiwa mojawapo, nayo wakati huo marejeo yake yalianzia mwaka 1966, ilhali makala za miaka ya 1950 zilikuwa zimeeleza madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu. Tangu hapo marejeo yamerudishwa nyuma hadi miaka ya 1940, lakini mengi ya zamani hayana ikisiri, hivyo utafutaji unaotegemea maneno ya ikisiri huyaruka.

Anayefanya mapitio ya kimfumo, basi, aongeze hifadhidata ya Embase, ambayo ina nguvu katika dawa na mikutano ya kisayansi ila hulipiwa, na CENTRAL, rejesta ya majaribio iliyo ndani ya Maktaba ya Cochrane. Mtandao wa Cochrane, unaoandaa mapitio ya kimfumo ya tiba, ulianzishwa mwaka 1993 na mapitio yake yanabaki kuwa mahali pa kuanzia ninapotaka jibu lililokwisha kupimwa badala ya lundo la tafiti. Kwa machapisho ya Afrika, Amerika ya Kusini na Asia yasiyofika MEDLINE, Shirika la Afya Duniani lina Global Index Medicus, inayounganisha faharasa za kikanda, ile ya Afrika ikiwa miongoni mwazo; kiolesura chake ni kizito na vichujio vyake ni vichache, lakini kilichomo hakipatikani kwingine kwa urahisi. Google Scholar ni nzuri kwa kufuatilia nani amemnukuu nani na kwa kupata nakala ya bure iliyowekwa na mwandishi. Haifai kuwa chanzo kikuu, kwa kuwa haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja na haielezi inayapangaje.

Tatizo kubwa zaidi kwa wengi si kuipata makala bali kuisoma. PubMed hutoa ikisiri, na ikisiri ina tabia ya kusifia kuliko jedwali la matokeo lililo ndani. Kabla ya kulipia makala, jaribu ghala la PubMed Central, kisha programu ya Unpaywall inayoongezwa kwenye kivinjari na kuonyesha nakala halali ya bure ilipo. Taasisi za nchi zenye kipato cha chini zinaweza kusajiliwa katika Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, unaofungua maelfu ya majarida bila malipo kwa kundi moja la nchi na kwa malipo madogo kwa jingine. Usajili ni wa taasisi na si wa mtu binafsi, na mara nyingi nywila iko kwa mkutubi ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Njia ya mwisho ni kumwandikia mwandishi wa makala kwa barua pepe iliyotajwa kwenye ikisiri; wengi hujibu.

Huduma za kuhifadhi ni nzuri ila zina masharti. Historia ya utafutaji na makala zilizowekwa kando kwa muda hufutika baada ya saa 8 za kutotumika, kwa hiyo kazi ya asubuhi isiyohifadhiwa haitakuwepo jioni. Akaunti ya bure ya My NCBI hutatua hilo, na huwezesha kutumiwa barua pepe kila kunapotokea makala mpya kwenye mada iliyohifadhiwa. Marejeo hutolewa kwa urahisi kwenda Zotero, programu ya kupanga marejeo, ambayo nayo ni ya bure. Kwenye simu janja tovuti inasomeka vizuri, isipokuwa ukurasa wa kujenga utafutaji kwa MeSH, ambao umebaki na sura ya zamani na vibonye vidogo; kazi hiyo ifanywe kwenye kompyuta.

Kuna matumizi mawili ya PubMed ambayo yamepata uzito mpya. La kwanza ni kukagua makala zilizobatilishwa. Makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilichapishwa mwaka 1998 ikabatilishwa mwaka 2010, miaka 12 baadaye, na katika kipindi chote hicho ilikuwa ikinukuliwa. PubMed huweka tangazo linaloonekana wazi juu ya rekodi ya makala iliyobatilishwa, lakini nakala iliyopakuliwa zamani na kulala kwenye kompyuta haina tangazo hilo, hivyo orodha ya marejeo ipitiwe upya kabla ya kuwasilisha kazi. La pili linatokana na programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa ufasaha na kutaja makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na waandishi halisi na majarida halisi. PubMed ina ukurasa wa kutafuta makala moja mahususi kwa jina la jarida, mwaka, juzuu, ukurasa wa kwanza na mwandishi. Jaza ulivyopewa; rejeo la makala ya jarida lililomo MEDLINE likikosekana humo, litafute kwa DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala, kwenye tovuti ya jarida lenyewe, na lisipopatikana huko pia, liondoe kwenye kazi yako pamoja na sentensi iliyolitegemea.